Maswali ya Jacques

“Simama kwanza,” alisema Papa Apollinaire. “Muntu anajibu akiwa amesimama.”

Emérita akasimama. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, binti yake Gaëlle amelala mgongoni, na mikono yake bado inanuka sabuni. Papa Apollinaire alikohoa, akafumba macho, akakunja mikono kifuani vile vile alivyokuwa akifanya kila Jumamosi alipoandaa watoto wa parokia kwa komunyo ya kwanza. Mzee huyu hakuwahi kuomba kazi popote maishani mwake. Ukatekista haukuombwa, ulimwangukia akiwa kijana, naye akaubeba mpaka mvi. Lakini katika ua ule wa vyumba vya kupanga, pale Walikale, ni yeye tu aliyekuwa na mazoea ya kuuliza mtu swali na kungoja jibu, kwa hiyo majirani walimchagua yeye amtayarishe Emérita.

“Wewe ni nani?”

“Ni mimi Emérita Igiraneza.”

“Umekuja kutafuta nini?”

“Kazi ya kutunza depo.”

“Umesoma?”

“Ndiyo, Papa. Nilimaliza sekondari, nikapata diplome.”

“Vizuri. Usitikise kichwa. Mama Gaëlle, uko na mutoto?”

Emérita aliangua kicheko. Mumewe, Guylain, aliyekuwa amekaa mlangoni akishona mishipi ya kubebea kwenye gunia la unga, alicheka naye mpaka sindano ikamchoma kidole.

“Papa, unaniita Mama Gaëlle, kisha unauliza kama niko na mutoto?”

Mzee alifumbua macho, akacheka kwa aibu. Kosa halikuwa lake peke yake. Tangu Gaëlle azaliwe, hakuna mtu uani aliyemwita mama yake kwa jina lingine. Hata Guylain alikuwa amelisahau lile la zamani, na alipolisikia sasa, “Emérita,” aliona kama mzee anamposea upya mke wake.

“Basi leo na kesho uko Emérita,” Papa Apollinaire akaamua. “Turudi. Emérita, uko na mutoto wa kunyonya?”

Kicheko kikakatika. Hilo ndilo swali lililowaleta wote pale. Walikale nzima ilijua kwamba Mama Kavuo, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye depo ya chumvi, unga na sabuni, alimfukuza mtunza depo wake wa mwisho, Nadine, kwa sababu mtoto wake mchanga alishikwa na malaria na mama akakaa naye hospitali. Tangu hapo, mwanamke akienda kuomba kazi kule, huulizwa hilo. Akijibu ndiyo, huonyeshwa mlango.

Papa Apollinaire alitazama chini, akachora msalaba mdogo chini ya kidevu, kama mtu anayejificha kwa Mungu.

“Jibu,” alisema polepole, “ni hapana.”

“Hapana,” alisema Emérita. Mgongoni, Gaëlle akajinyoosha na kupiga mwayo.

Guylain alivuta uzi. Aliendelea kushona. Gunia lile lilikuwa la safari. Jumatatu wabebaji walikuwa wanaingia msituni, mbele ya mgodi wa Bisie, kwenye mashimo madogo ambako mawe ya bati hutolewa kwa migongo ya watu. Kule Masisi, kabla bunduki hazijawafukuza kilimani kwao, Guylain alikuwa mtu wa ng’ombe na jibini. Alijua ng’ombe anayeumwa kwa kumwangalia masikio. Hapa hapakuwa na ng’ombe. Alikuwa amezunguka na jembe la kuazima akilimia watu, na watu wenyewe hawakuwa na cha kumpa. Yeye na mkewe walikuwa wamekubaliana: depo ikimchukua Emérita, Guylain atabaki nyumbani na mtoto. Ikimkataa, Jumatatu anakwenda. Na wote wawili walikuwa wamewaona wanaume wanaorudi kutoka kule, wanavyokohoa, na watoto wao wanavyojificha nyuma ya sketi ya mama wakiuliza huyu ni nani.

“Rudia tena,” alisema mzee.

“Hapana.”

“Usiangalie mutoto ukijibu.”

*

Asubuhi ya mahojiano Guylain alimfulia blauzi nyeupe aliyoazimwa na jirani, akaikausha juu ya moto mpaka ikanuka moshi kidogo. Emérita alimnyonyesha Gaëlle hadi mtoto akakataa mwenyewe, kisha akamfunga mgongoni kwa baba yake. Guylain alipewa chupa ya uji na agizo moja: akae chini ya ukuta wa kanisa, mbali na depo, asisogee.

“Na akilia?”

“Umuimbie.”

“Nikiimba njo atalia zaidi.”

“Basi usiimbe, bwana wangu. Tembea naye.”

Kwenye benchi la depo alikuta watu kadhaa, lakini saa zilivyokwenda waliitwa mmoja mmoja wakaondoka, wakabaki wawili: yeye na mwanamume aliyevaa koti la mtu mnene kumzidi. Aliitwa Jacques. Alikuwa baba wa watoto wanne, na alikuwa amewahi kupakia magari ya chumvi barabara ya Goma, mpaka Mubambiro na Sake. Alitoa ndizi ya kuchoma mfukoni, akaikata katikati, akampa nusu.

“Kula, dada. Njaa inajibu vibaya.”

“Asante, kaka. Lakini sisi ni ba kushindana.”

“Eh, kwani ndizi inajua ile?”

Wakala. Kisha Jacques akaitwa.

Ukuta wa depo ulikuwa wa mbao zilizopishana, na sauti ya Mama Kavuo haikuwahi kujifunza kunong’ona. Emérita alisikia kila kitu bila kutega sikio. Mwendesha pikipiki wa Pinga akirudisha gunia la chumvi limepasuka, akasema lilipasuka hapa, utafanya nini? Jacques akajibu kwamba gunia litapimwa mbele ya mwendesha pikipiki kabla hajaondoka, aone kwa macho yake. Unga wa zamani na unga mpya, unaanza kuuza upi? Wa zamani. Je, mpwa wangu Hubert huyu, akija kuchukua karto ya sabuni bila karatasi, utamupa?

Kule ndani Jacques alicheka. “Mama, Hubert ni wa nyumba. Nitamukatalia namna gani? Nitamupa.”

“Sawa. Uko na swali?”

“Hapana, mama.”

“Asante. Nitatuma muntu.”

Jacques alitoka akijifuta jasho kwa mkono wa koti. “Haiko mubaya, dada,” alimwambia. “Ni maswali ya kazi tu.”

*

Mama Kavuo alikuwa amekaa nyuma ya meza, simu mbili mbele yake, kitenge kipya kimemkaa mwilini kama ngozi ya ngoma. Pembeni yake alikaa Hubert, kijana mpole mwenye kalamu ya biki sikioni. Emérita alisimama katikati ya magunia, akakunja mikono kifuani.

“Wewe ni nani?”

“Ni mimi Emérita Igiraneza.” Alilisema kwa sauti ya Jumamosi, kama watoto wa parokia.

“Ikala, dada,” Hubert akasema. “Hatuko ku misa.”

Akakaa. Swali lilipokuja, akasimama tena bila kujua. Hubert akauma midomo asicheke, akamwashiria akae tena.

“Igiraneza,” alisema Mama Kavuo, akilivuta lile jina kama mtu anayejaribu kitambaa sokoni. “Ile jina ni ya wapi?”

“Ya Masisi, mama.”

“Masisi iko kubwa.”

“Ndiyo, mama. Sisi ni ba kulima. Babu yangu amezikwa kule mu shamba, na babu yake pia.”

Hubert alitazama biki yake; alijua shangazi anapima kama jina lile limetoka ng’ambo ya mpaka. Mama Kavuo akaendelea.

“Bwana iko?”

“Iko.”

“Anakubali ufanye kazi?”

“Anakubali, mama.”

“Nitajua namna gani? Siku moja utamuleta aniambie mwenyewe. Bwana bengine banakuja huku kunipigia makelele. Na mimba ingine, unaifikiria?”

Hilo halikuwa kwenye katekisimu ya Papa Apollinaire. Emérita aliona uso ukimwaka, mbele ya kijana yule, mbele ya masanduku ya sabuni. “Mungu njo anajua,” alijibu.

“Mungu hatakuja kufungua depo yangu asubuhi. Mutoto wa kunyonya, uko naye?”

Emérita akasimama. Mikono ikajikunja yenyewe.

“Hapana.”

Lilitoka safi, jinsi alivyofundishwa. Hakumtazama mtoto, kwa kuwa mtoto hakuwepo. Mama Kavuo akatikisa kichwa kukubali, akamwashiria Hubert, na Hubert akashusha biki kutoka sikioni.

Ndipo, nje, Gaëlle akalia.

Guylain alikuwa amekaa chini ya ukuta wa kanisa muda wote walioutarajia, na mwingine juu yake. Uji ulikataliwa. Wimbo ulikataliwa. Akaanza kutembea kama alivyoambiwa, akienda na kurudi, kila safari ndefu kidogo kuliko ile iliyopita. Na barabara ya pale ni moja, ukiifuata lazima ikupitishe mbele ya depo. Alipogundua alipo, alijaribu kukimbia, na mtetemo wa mbio ukamliza mtoto zaidi.

Ndani, Emérita hakugeuka. Alikaza macho kwenye simu za Mama Kavuo, akakaza na meno. Lakini kuna sehemu ya mwili isiyofundishika. Alisikia kule kuchomachoma anakokujua kila mama, joto likishuka kifuani, na kabla hajapata hata kuweka mkono, blauzi nyeupe ilikuwa imelowa pande zote mbili. Maziwa yaliendelea kutoka, yakishuka polepole hadi kiunoni. Hubert aliinua macho akayaangalia mabati ya dari kama mtu anayehesabu misumari.

Mama Kavuo hakuangalia dari. Alimwangalia Emérita, muda mrefu.

“Ile ni mutoto wa nani?”

“Wangu, mama.” Na kwa mara ya kwanza asubuhi ile, Emérita akakaa bila kuambiwa.

“Umenidanganya. Ndani ya depo yangu.”

“Ndiyo, mama.”

“Muntu wa kunidanganya leo, kesho ataniibia.”

Emérita aliona gunia la Guylain, mishipi yake mipya. Aliona mgongo wa Guylain ukipotea kwenye miti. Alikuwa ameshapoteza, na aliyekwisha poteza haogopi sana tena.

“Mama, nikuulize swali moja? Kama ningesema ndiyo, ungeniuliza ingine?”

Mama Kavuo alisukuma simu zake pembeni. Alikuwa mwanamke mkali, lakini hakuwa mwongo. Biashara yake yote ilisimama juu ya hilo.

“Hapana,” alisema. “Singekuuliza ingine.”

“Jacques iko na batoto bane. Amenieleza pale ku benchi. Ulimuuliza nani anabakia nabo?”

“Jacques hananyonyesha.”

“Ni kweli. Lakini ulimuuliza chumvi, ulimuuliza unga, ulimuuliza pikipiki ya Pinga. Mimi umeniuliza jina, umeniuliza bwana, umeniuliza mimba. Mpaka sasa haujaniuliza kama najua kufunga mulango.” Akaivuta blauzi iliyomganda. “Uniulize maswali ya Jacques, mama. Nikishindwa, nitaenda, sitasema kitu.”

“Umesikia majibu yake. Ile ukuta ni mbao.”

“Nimesikia. Basi uniulize ndugu za yale maswali.”

Hubert alicheka, kicheko kilichomtoka puani bila ruhusa, na shangazi yake akamkata jicho. Nje, kilio kilikuwa kikienda mbali, kikirudi, kikienda.

“Hubert,” alisema Mama Kavuo, “kalete ile mutoto. Tutaongea namna gani na ile kelele?”

Guylain aliingia ameinama, Gaëlle mgongoni mwake, kitenge kimefungwa fundo ambalo hakuna mwanamke angelikubali. Alikuwa ameshaona uso wa mkewe na ile blauzi, akajua. Alisalimu kwa heshima, akamfungua mtoto, akamkabidhi mama yake, na Gaëlle akanyamaza kama taa iliyozimwa.

“Njo wewe bwana yake?” aliuliza Mama Kavuo.

“Njo mimi, mama.”

“Unakubali afanye kazi?”

Guylain hakuwa mtu wa maneno; maneno yote ya nyumba yalikuwa ya mkewe.

“Ile blauzi, mama,” alisema, akiionyesha kwa kidevu, “mimi njo niliifula.”

Mama Kavuo aliiangalia blauzi, ilivyokuwa sasa. Kitu fulani kilipita usoni mwake. Baadaye Hubert alisimulia kwamba shangazi yake alilea watoto wake wote ndani ya kabini ya lori, kati ya Butembo na Goma, mmoja mgongoni na noti kifuani, na hakuna aliyewahi kumuuliza lolote kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpa kazi. Lakini siku ile hakulisema. Alivuta kiti chake mbele tu.

“Mafuta yamefika, bidoni moja inavuja. Mushoferi anasema ni kitu kidogo. Utafanya nini?”

“Nitaitenga mbele yake, nitakuita ku simu yeye akiwa bado hapa.” Emérita alijibu amekaa, mtoto kifuani.

“Chumvi inaanza kutoa maji hapa, ku hii mvua ya musitu.”

Emérita alifikiri. “Sijui, mama. Kwetu nilitunza maharagwe ya chama cha balimaji, na kule iko baridi. Chumvi nitajifunza.”

“Jacques anajua.”

“Basi nitamuuliza Jacques.”

“Hubert huyu anakuja, anataka unga, hana karatasi, iko na haraka, ameisha kasirika.”

“Nitamuomba karatasi.”

“Nimekuambia ameisha kasirika!”

“Kama ameisha kasirika, mama, karatasi haitamuongezea.”

Safari hii Hubert alicheka waziwazi, na shangazi yake hakumkata jicho.

“Nenda,” alisema Mama Kavuo. “Nitatuma muntu.”

Ni maneno yale yale aliyoambiwa Jacques. Njiani Guylain alivua shati lake, akamfunika mkewe kifua, akatembea kifua wazi katikati ya soko, na vijana wa pikipiki wakampigia miluzi. “Papa Gaëlle, leo njo unanyonyesha?” Guylain akawajibu kwamba bado, alikuwa anangoja maziwa yashuke.

*

Jumapili haikuja habari. Baada ya misa Papa Apollinaire aliingia uani akiwa na fimbo yake, akaketi juu ya ile ndoo.

“Nimeenda kutubu,” alisema. “Nimemwambia Padri: nilifundisha mukristu kusema uongo. Akaniuliza, nani aliuliza ile swali? Nikamwambia. Akasema, basi mwambie na yeye aje.”

Emérita alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Gunia lilikuwa mlangoni. Guylain alikuwa ameshaweka ndani blanketi na sufuria ndogo.

Jumatatu asubuhi wabebaji walianza kukusanyika barabarani. Mtu akapiga mluzi wa kuita. Guylain alikaa kizingitini akifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena, na Gaëlle amesimama kati ya magoti yake akivuta masikio ya baba kana kwamba naye anapima afya yake. Emérita alikuwa jikoni akichemsha mihogo ya safari. Alikuwa hamwangalii, kwa sababu angemwangalia, angemshika.

Pikipiki ikaingia kwenye kichochoro. Sauti ya kijana ikawauliza watoto waliokuwa wakiteka maji:

“Eh, batoto! Kwa Mama Gaëlle iko wapi?”

Emérita aliacha mwiko ndani ya sufuria. Kule depo alikuwa ameingia kama Emérita Igiraneza wa Masisi. Hilo jina lingine hakumpa mtu yeyote.

Hubert alizima pikipiki, akasalimu kila mtu, hata mzee aliyekuwa akija mbio na fimbo yake.

“Anasema uje leo. Anasema kule nyuma, fasi ya karto tupu, hakuna mvua, utanyonyesha pale.”

“Na Jacques?” aliuliza Emérita, mkono mdomoni.

“Jana jioni alimuita tena. Alimuuliza: batoto bako banabakia na nani? Jacques alijikuna kichwa, akasema, kumbe, siku zote ni mama yabo, yeye hajawahi kuulizwa ile.” Hubert alitabasamu, kisha tabasamu likapungua. “Kukosa kazi imemuuma Jacques, lakini amenituma nikuambie: chumvi usiiweke chini, uiweke juu ya mbao. Ingine utamuuliza.”

Emérita alikumbuka nusu ya ndizi. Aliahidi moyoni kwamba chakula cha kwanza cha mshahara wake hakitaliwa na watu wa nyumba moja tu.

“Lakini kuna swali moja limebakia,” Hubert akaendelea, akigeukia mlangoni. “Si la Mama Gaëlle. Ni la bwana. Shangazi anauliza: unaweza kuleta mutoto kila saa ya kunyonya, mvua ao jua, hata kama bantu banacheka?”

“Na ile swali,” Papa Apollinaire aliingilia, akihema, “ni ya haki ao haiko ya haki?”

“Ni ya kazi, Papa,” alisema Emérita.

Barabarani mluzi ulipigwa mara ya pili. Guylain alilivuta gunia, akatoa sufuria, akatoa blanketi, akalikung’uta unga wa zamani. Akamwingiza Gaëlle ndani mpaka kwapani, akavaa ile mishipi aliyoshona kwa mikono yake, akaikaza. Ilimkaa vizuri. Kisha, kwa kuwa alifundishwa pamoja na mkewe bila mtu kukusudia, alisimama wima, akakunja mikono kifuani.

“Ndiyo,” alijibu.